Mate, Asali na Dada Yake Musa

Nkirote, mama yangu,

Sitakuuliza hali, kwa sababu hali yako naijua. Mchana huu nimekuona ukipiga nguo za safari pasi, umenipa mgongo, na mgongo wenyewe ulikuwa mzima kabisa, umenyooka kama wa mama yangu ambaye wewe ni jina lake. Sasa nyote mmeenda kanisani kwenu kuombewa na mimi nimebaki na ng'ombe. Nimeketi hapa mlangoni penye mwanga, nimechomoa karatasi kwenye daftari la mjukuu, na ninakuandikia kwa mkono wangu. Sikumwita mtu anisaidie. Zunguka Kanyakine yote uniletee mzee mwingine wa rika langu anayeweza kuandika barua ndefu kama hii bila kumtafuta mwalimu. Utachoka miguu.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu Kimeru changu unakijua. Kikianza tu, kinakemea. Kiswahili nilikiokota kwenye kazi za watu nikiwa mtu mzima, na ndani yake mimi huwa mpole kidogo.

Mambo ya sweta, ya pasipoti, ya kutoongea na kila mtu kwenye uwanja wa ndege, mama yako amekuambia mpaka kuku wameshika. Sitaongeza. Mimi nataka kusema juu ya kile kitu kilicholala katikati yetu tangu Jumapili, ambacho wewe na mimi tunakiruka kila tukikutana, kama vile mtu anavyomruka mbwa mlangoni.

Desturi yetu unaijua, lakini wacha niiweke hapa, maana siku moja utazaa watoto huko Uingereza na hao hawatakuwa na mtu wa kuuliza. Mtoto akienda mbali, baba hupiga funda la uki, ile pombe yetu ya asali, halafu anampulizia matone kwenye viganja na kifuani, mate na asali pamoja, akisema maneno ya heri. Mtoto anajipaka, anakwenda. Baba yangu alinifanyia hivyo nilipoenda kutengeneza barabara upande wa Isiolo, ambako baruti ilikuwa ikila vidole vya watu. Mimi nilirudi na vidole vyangu vyote, ndivyo hivi vinavyoandika.

Ya kwako nilitaka iwe baraka ya kusimuliwa. Asali niliitoa mwenyewe kwenye mizinga yangu ya pale juu ya mti wa muringa, na nyuki wangu unawajua. Nyuki wa watu wengine wa Imenti Kusini wanauma hovyo. Wangu wananijua sauti. Uki nikauacha uive siku zake zote bila kuuonja. Sawa, niliuonja. Nikawaita wazee, M'Arimi akiwa mbele kwa sababu tulitahiriwa pamoja na kwa sababu ukitengeneza uki hata usipomwita atakuja. Wakakaa kwenye nyasi. Wewe ukaitwa. Nikajaza mashavu.

Ndipo ukasema, "Baba, nisamehe. Mimi sitatemewa mate. Nimeokoka."

Nkirote, wewe hujawahi kuwa mzee aliyejaza mashavu uki mbele ya watu, halafu mtoto wake anamwambia hapana. Sikuweza kukujibu. Sikuweza kutema, maana ningetema wapi? Ikabidi nimeze. Baraka yako yote ikashuka ndani ya tumbo langu, na nilipopata mdomo wa kuongea, M'Arimi alikuwa ameshaanza.

"Huyu amesoma mpaka amepita shule," akasema.

"Si kusoma, mzee. Ni wokovu," ukamjibu, na ulimjibu kwa heshima, hilo sikatai.

"Na wokovu umekataza mate? Yako unayapeleka wapi?"

"Pombe ndiyo imekatazwa. Imeandikwa tusilewe."

"Nani ashawahi kulewa kwa kupuliziwa?"

Mama yako akamwambia, "Wewe, M'Arimi. Wewe unalewa ukipita karibu na mtungi."

Watu wakacheka. Hapo, mama yangu, ndipo mambo yangeweza kuishia. Wazee walikuwa tayari kucheka. Lakini mimi sikuwa nimeshinda bado, na wewe unajua ninavyokuwa nikiwa sijashinda. Nikakuambia kwamba Yesu mwenyewe alitema mate, akatengeneza udongo, akampaka kipofu macho. Ukasema ule ni uponyaji, si baraka. Nikakuambia Isaka alipotaka kumbariki mtoto alikula nyama kwanza na akaletewa divai. Ukasema Isaka alikuwa haoni na akambariki mtoto ambaye hakumkusudia. Hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa jibu zuri, na ni kichwa changu kilichokuwa kinaongea kupitia mdomo wako. Halafu ukatoa simu, ukafungua Hesabu kumi na mbili, ukawasomea wazee wangu mstari wa kumi na nne. Pale Mungu anamwambia Musa juu ya dada yake Miriamu, kwamba kama baba yake angemtemea mate usoni, je, hangeona haya siku saba?

Ukaniangalia. "Basi, Baba. Baba kumtemea binti mate ni aibu. Ndivyo Biblia inasema."

M'Arimi akageuza shingo kunitazama mimi.

Na mimi nikakupiga na ule wa kuwaheshimu baba na mama, ili siku zako zipate kuwa nyingi. Nikanyoosha na bakora. Nikaongeza langu: "Wewe umechagua siku chache. Nenda nazo."

Mama yako akaweka mkono mdomoni. Ukaingia ndani. M'Arimi akaweka pembe yake ya kunywea chini ikiwa nusu, na tangu tuwe vijana sijawahi kuona M'Arimi akiacha pembe nusu.

Nkirote, sikukulaani.

Naandika tena ili usome tena. Sikukulaani. Najua kwetu neno la baba lina uzito gani, na najua tangu Jumapili unalibeba. Nimesikia ukimuuliza mama yako kama ndege huanguka mara nyingi. Ile ilikuwa hasira ya mzee aliyemezeshwa pombe yake. Siku zako ni nyingi. Ule mstari ni ahadi, na mimi niliushika kama fimbo ya mbuzi. Ahadi iko pale pale. Fimbo nimeivunja.

Sasa wacha nikuambie nilivyofika mahali pa kujua mistari kiasi hicho, kwa sababu watu hufikiri nilianza kusoma kwa ajili ya kumpenda Mungu, na mimi sijawahi kuwakataza kufikiri hivyo.

Nilianza kusoma kwa ajili ya mama yako. Nilipomuoa alikuwa amefika darasa la saba na mimi nilikuwa sijui A. Nikichelewa kurudi, ananingoja jikoni na kusema, "Imeandikwa." Imeandikwa hivi, imeandikwa vile. Siku moja nimerudi mikono mitupu akaniambia imeandikwa kwamba mwanamume asiyeleta kuni hatauona ufalme. Moyoni nikasema, hii ya kuni lazima nijionee. Nikajiandikisha gumbaru, shule ile ya watu wazima, nikafundishwa na msichana ambaye ningeweza kumzaa. Wenzangu waliacha mvua ya kwanza ilipokuja. Mimi sikuacha. Nilipojua kuunganisha herufi nikaanza kuitafuta hiyo ya kuni tangu Mwanzo. Niliitafuta mwaka mzima. Nimepita kwenye vizazi na vizazi, nimepita kwenye vipimo vya hema, nimepita manabii wote wakali na wale wadogo, nikafika Ufunuo. Hakuna kuni.

Nikamwendea jikoni. "Umenidanganya. Nimesoma yote."

Akageuza chapati. "Yote?"

"Yote!"

"Basi asante Yesu," akasema. "Na kuni umeleta?"

Huyo ndiye mama yako.

Lakini ona jinsi ninavyosoma. Mtu aliyesoma kitabu kizima akitafuta kosa la mke wake ataona nini kingine? Nilitoka humo na mistari mifukoni kama mtu aliyetoka shambani kwa jirani. Wa kwanza nilioupenda ni ule ambao Paulo anamwambia Timotheo anywe divai kidogo kwa ajili ya tumbo. Huo niliupeleka sokoni. Kila mara nikianza kunywa nausema, na wanywaji wakawa wananiita askofu. Nilikuwa na ushirika mkubwa kuliko wa mchungaji yeyote wa hapa. Ilinichukua miaka kurudi kuusoma polepole na kuona kwamba aliyeambiwa ni kijana mmoja, mgonjwa, aliyekuwa akinywa maji tu. Mimi maji nilikuwa ninaogea, na tumbo langu lilikuwa linaweza kusaga mawe.

Na ule wa fimbo na mtoto, huo nilimsomea ndugu yako Mutwiri. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki, ama unakumbuka na umenyamaza. Nilikuwa namwambia, mimi sitaki, ni Mungu ametaka. Hebu fikiria kijana anachapwa na baba yake na anaambiwa na Mungu pia yuko upande ule. Alienda kwa shangazi yenu kule Manyatta, akapata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaoa huko Embu, na miaka ikapita nikimwona kwenye picha tu.

Halafu ikaja ile Jumapili ya watoto, Mutwiri amekuja na mke wake kutuonyesha mtoto, na mimi nikapewa kusoma mbele kwa sababu nina sauti. Waefeso sita. Nikasoma watoto watii wazazi, nikasoma waheshimu, nikasoma wapate heri, nikafunga Biblia.

Mama yako kutoka kwa viti vya akina mama: "Baba Mutwiri, haijaisha."

"Imeisha," nikasema.

"Kuna wa nne."

"Macho yamechoka."

"Nije nikusomee?"

Kanisa zima likaanza kutikisika kwa kicheko cha kuzuiwa. Nikafungua. Nikasoma kwamba akina baba msiwachokoze watoto wenu. Nkirote, ile sura nilikuwa nimeisoma mara nyingi sana. Hakuna aliyenificha ule mstari. Macho yangu tu yalikuwa yanajua mahali pa kusimama, kama punda wa maji anavyojua lango la kwao. Sikumwangalia Mutwiri. Baada ya ibada tukiwa pale nje akaniletea chai, akasema, "Umesoma vizuri, Baba." Akanipa kikombe, akarudi kwa mke wake. Lakini tangu hapo anapiga simu, na ndiye atakayekupeleka na gari asubuhi.

Usidhani ninasema watu wote wanaosoma kipande ni waongo. Hapana. Mama yangu, mwenye jina lako, hakujua kusoma hata jina lake mwenyewe. Alikuwa na mstari mmoja, tena nusu, alioushika kwa kuusikia: ule wa kuyainua macho kuitazama milima. Hakujua unaendelea kuuliza msaada utatoka wapi, wala hakujua jibu. Yeye alikuwa na mlima pale juu, kila asubuhi wingu likitoka anauona, anainua macho, anasema nusu yake, anachukua jembe. Alizika mume na watoto wawili kwa nusu ile. Mtu akiteleza kwenye mteremko wetu wakati wa mvua hashiki msitu mzima. Anashika tawi moja, lile lililo karibu. Siwezi kumcheka. Na wewe pia sikucheki, kwa sababu najua ulipookoka ulikuwa unateleza. Ulikuwa umefeli ule mtihani wa uuguzi mara ya kwanza, yule kijana wako alikuwa ameenda na mwingine, na mimi baba yako nilikuwa nimekuambia tu kwamba kwetu hakuna anayefeli. Yule mchungaji wako wa Runyenjes, mwenye viatu vyenye ncha, alikuja akaketi nawe, akaomba nawe. Viatu vyake sivipendi. Lakini alikuja.

Ninachosema ni kwamba kushika tawi ni kitu kimoja, na kulikata ukampige nalo mwenzako ni kingine. Mimi nimefanya vyote viwili, na kwa hicho cha pili nilikuwa hodari kuliko mtu yeyote kati ya hapa na Meru mjini.

Baada ya Jumapili sikutoka. Nilichukua Biblia yangu ya Kimeru nikarudi Hesabu kumi na mbili. Nakuambia ukweli, nilirudi kutafuta pa kukushika. Na nilipapata! Kwanza, hapo panasema usoni, na sisi tunapulizia viganjani. Pili, hapo baba amekasirika, na baraka si hasira. Nikajiambia, mtoto amekwisha. Halafu nikasoma sura yote. Miriamu na Haruni walimsema ndugu yao Musa kwa sababu ya mke aliyemuoa kutoka kwa watu wengine. Miriamu akapigwa ukoma, akawa mweupe. Haruni alisema maneno yale yale na hakuguswa hata ukucha, na hilo nitamuuliza Mungu mwenyewe nikifika, siogopi. Musa akalia kwamba, tafadhali, mponye. Ndipo linakuja lile neno la mate na siku saba, Miriamu akatolewa nje ya kambi. Wewe kusoma kwako kulisimama hapo.

Mstari unaofuata unasema watu hawakusafiri mpaka Miriamu alipoletwa ndani tena.

Jana M'Arimi alikuja nikamsomea. Akapiga goti kwa furaha. "Umemshika, M'Ikiara! Hakuna kusafiri! Mwambie akae siku saba nje ya boma, hiyo ndege ijiendee."

Na mimi nikafurahi pamoja naye. Mbona nikufiche? Tulifurahi kama vijana walioona mbuzi wa watu amepotea njia. Nikapanga nitakavyoutoa mezani, mbele ya Mutwiri, mbele ya mama yako. Nilikuwa na mstari, nilikuwa na mahali pake, na ndege yako ilikuwa inakuja.

Leo asubuhi nikikamua ng'ombe ndipo ikanijia kwamba katika ile hadithi sijui mimi ni nani. Siku zote nikisoma habari za Musa, Musa ni mimi. Lakini Musa alikuwa anamlilia dada yake aponywe. Mimi sikulia. Nikaangalia tena kwenye ile sura, kichwani mwangu, maziwa yakiingia kwenye ndoo, na mahali pangu nikapaona. Ulisema baba akimtemea binti mate usoni ni aibu. Nikakasirika kwa sababu nilijua sijakutemea. Lakini nilikutemea, mama. Si uki, maana uki nilikuwa nimeshaumeza. Nilikutemea usoni kwa yale maneno ya siku chache, mbele ya wazee wangu, ukiwa umesimama na mikono yako miwili mitupu. Ule mstari uliousoma ulikuwa bado haujawa wa kweli ulipousoma. Mimi ndiye niliyeufanya uwe kweli.

Nikaacha kukamua. Ng'ombe akageuka kuniangalia.

Na kile kingine kilichonikalia kifuani ni ile kambi. Wewe fikiria watu wale wote, na mbuzi zao, na watoto wanaolia, na jua la jangwani, na wazee wabishi kama mimi wanaotaka kufika. Wote wamekaa. Wanamngoja msichana mmoja aliyetiwa aibu. Hakuna mahali pameandikwa kwamba mtu alitumwa kumwambia aharakishe. Mimi sijawahi kumngoja mtu maishani, hata siku ya harusi yangu nilifika kabla ya bibi harusi kuamka. Lakini nikiuliza nafsi yangu ni nani katika hadithi ile ningeweza kuwa bila kudanganya, naona kuna nafasi kati ya wale waliokaa.

Kuna jambo moja bado nitabisha, maana ukinikuta nimekubali yote utafikiri ninaumwa. Mate si kitu kichafu. Wewe unaenda kuwatunza wazee wa Uingereza. Watakohoa, watatema, watakutemea wewe bila kutaka, na utachukua kitambaa uwafute, uwageuze upande, uwaite baba. Na utafanya vizuri, nimekuona ulivyomtunza shangazi yako. Nimewaza jambo hilo sana. Kwamba mzee nisiyemjua, ambaye hakupanda hata mche mmoja kwa ajili ya karo yako, atakupa mate yake na utayapokea, na mimi yangu yamekuwa ushetani. Silisemi ili kukushinda. Ni wivu tu. Baba anaruhusiwa kuwa na wivu mara moja.

Yakobo alimshika yule mtu wa Mungu usiku kucha akimwambia sitakuacha mpaka unibariki. Nafikiri mimi ndiye baba wa kwanza anayemkimbiza mtoto akimwomba akubali kubarikiwa.

Sasa sikia ya kesho. Mutwiri atakuja na gari kabla ya jua. Mimi nitakuwa nimeketi pale langoni juu ya lile jiwe. Nitakuwa nimepiga mswaki, tena kwa ile dawa yako ya mnanaa. Uki nimempa M'Arimi wote, hakuna uliobaki bomani; ukimsikia akiimba njiani jioni hii, ujue ni wako. Kwenye kikombe nitakuwa na asali ya muringa na maji ya chemchemi, nimekoroga asubuhi hiyo hiyo, haijachacha, hata mchungaji wako anaweza kunywa. Pombe nimeiacha kwa ajili yako. Mate sijaacha. Hapo tumegawana katikati, na ukiuliza watu watakuambia M'Ikiara hajawahi kugawana katikati na mtu, hata kwenye mpaka wa shamba.

Ukitaka, simama, nyoosha viganja, nitapuliza kidogo tu, hata usoni hayatakaribia. Maneno nitakayosema ni machache: uende, ufike, upendwe na watu usiowajua, urudi. Hutasikia mstari wowote.

Na kama moyo wako utakataa, pita. Unisalimie tu kwa mkono, uingie kwenye gari. Sitakuita na sitakukasirikia, na mama yako hatanisikia nikilalamika, ama atanisikia kidogo. Nitajipulizia kifuani kwangu mwenyewe na kusema yale maneno kwa jina lako. Nimesoma Biblia yote nikitafuta kuni, na sikuona mahali panapomkataza mzee kujipulizia kifua chake. Halafu nitakifunika kile kikombe na sahani, nzi wasiingie, nikiweke kabatini kikungoje, na mimi nitakungoja pamoja nacho, mahali hapa, bila kusonga.

Ila wewe ni mtoto wa mfuga nyuki, unajua asali ikikaa kwenye maji inavyofanya. Kwa hivyo usikawie sana huko, Nkirote. Ukikawia itachacha yenyewe, na utarudi unikute na uki kikombeni bila hata kosa langu.

Ni mimi baba yako,
M'Ikiara